Mtu wa Mwisho Kwenye Stempu

Mawe nayajua. Naanza na hilo ili msomaji asipoteze muda kujiuliza huyu anayeandika ni nani. Shule niliiacha darasa la nne, na mwalimu aliyesema kichwa changu kinafaa kubebea ndoo tu, leo akipita mbele ya depo yangu hapa Kolwezi ananiita patron. Mlete mtu mwenye diploma tatu, muwekee gunia la madini mbele yake. Ataangalia juu. Juu mchimbaji ameweka malakite ya kijani, safi, inakuchekea; chini ameshindilia udongo mtupu. Mimi nachoma chuma mpaka tako la gunia, nachomoa, naangalia kilichong'ang'ania nchani, halafu namwambia mwenye gunia arudi nalo akapande viazi. Na jiwe likija limevaa vumbi, nalimwagia maji, nalipiga brashi, kijani chake kinatoka. Ndivyo nilivyojenga nyumba ya vyumba sita, na ukitaka kuhesabu madirisha njoo uhesabu.

Sasa mtu kama huyo anaingiaje kwenye mambo ya stempu za posta, au timbre kama tunavyoziita huku? Ni kwa ajili ya mke wangu. Au niseme kwa ajili ya baba yake, maana wawili hao walikuwa na shauri lao la miaka mingi, na mimi ndiye niliyeamua kulimaliza.

Baba mkwe alizaliwa ng'ambo, Angola, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka mpaka wa Dilolo. Alipokuwa kijana aliingia porini na wenzake kupigana na Wareno. Baadaye, uhuru ulipopatikana na bunduki hazikunyamaza, alichoka, akavuka kuja huku, akawa seremala, akaoa, akamzaa mke wangu. Ni mtu mpole. Anakaa kwenye chumba cha nyuma katika parseli yangu, kiwanja changu hiki, anatengeneza vigoda ambavyo hakuna aliyemwagiza, na tangu nimuoe binti yake hajaniomba hata msumari. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatukai uso kwa uso. Akikaa huku, mimi nakaa kule, nageuza kiti pembeni kidogo. Nikitaka kumpa kitu nampa mke wangu, naye anampa. Heshima ya ukwe ndiyo hiyo, na mimi, pamoja na ukubwa wangu wote, siivunji.

Tatizo lake lilikuwa moja: binti yake hakumwamini. Simaanishi kidogo. Mzee akisema mvua inakuja, mke wangu alikuwa anatoa nguo kwenda kuanika.

Mambo yalianzia kwenye picha. Kule porini, wakati wa kupigana, alifika mzungu mmoja mwenye ndevu na kamera tatu shingoni. Akawapanga watu watano wavuke mto kwa mstari ili awapige picha, na mzee ndiye alikuwa wa mwisho, na sanduku la dawa kichwani. Picha hiyo mzee hakuiona kamwe. Miaka ikapita, uhuru ukaja, mzee akahamia Kolwezi, na siku moja rafiki yake wa vita akapita mjini akamkuta anaranda mbao. Akamwambia: "Weye! Nchi imekuweka ku timbre! Batu batano banavuka mayi, na weye wa mwisho, na sanduku yako ku kichwa. Nimeona na macho yangu." Jioni hiyo mzee aliwasimulia watu wote nyumbani. Mke wangu alikuwa darasa la tatu. Kesho yake akatangaza shuleni kwamba baba yake amechapwa kwenye stempu. Mwalimu akasema vizuri sana, ilete tuione.

Haikuletwa. Mzee aliulizia kwa kila aliyekuja kutoka ng'ambo, akaandika barua, akangoja. Yule rafiki aliyeiona alikuwa ameshakwenda zake, na baadaye tukasikia amekufa. Watoto wa shule nao hawakungoja. Walimpa mke wangu jina la Timbre, na kila akitokea getini walikuwa wanaimba: "Timbre, kuya tukulambe, tukubandike!" Aliitwa hivyo mpaka alipomaliza shule. Hata siku ya harusi yetu, shangazi mmoja wa upande wangu, baada ya glasi ya tatu, alipiga kelele "Timbre amebandikwa!" na mke wangu akatoka nje kulia. Nilimfukuza shangazi yule kwenye harusi yangu mwenyewe. Nani mwingine angethubutu?

Basi msimu wa kiangazi uliopita mzee akamwita binti yake. Mimi nilikuwepo, kiti changu pembeni, nikijifanya nasikiliza redio.

"Mama," akamwambia, maana ndivyo anavyomwita kwa upendo, "miguu yangu inaanza kukataa. Mi nataka nifike kwetu mara moja ya mwisho. Twende, nikuonyeshe kaburi ya mama yangu, turudi. Mi natafuta tu mutu wa kunishika mukono."

"Tata, ile kaburi iko kweli?"

"Aba! Mama yangu si alikufa? Kaburi yake iko."

"Ata timbre ulisema iko." Mke wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua macho. "Mi sifuate buongo mpaka Angola. Tafuta mutu mwengine."

Mzee aliinuka. Alirudi kwenye vigoda vyake akagonga nyundo mchana kutwa, na kigoda alichokuwa anakigonga kilikuwa kimeshakwisha tangu asubuhi. Nilipoisikia nyundo ile nikajua huyu hatakwenda kwao. Peke yake hawezi, na mtu mwingine hamtaki. Atakufa hapa kwenye chumba changu cha nyuma, na binti yake atamlilia kwa moyo nusu.

Nikasimama. Nikamwambia mke wangu: "Ile timbre mi nitaileta."

"Utaitosha wapi?" akauliza, maana yake nitaitoa wapi.

"Popote iko, mi nitafika."

"Tata ya batoto, ile haiko jiwe."

"Mi nimetosha kobalti ile fasi batu balikuwa banamwanga maji ya kufulia. Karatasi itanishinda?"

Nilianza kutafuta siku hiyo hiyo. Kolwezi sikupata kitu. Siku hizi nani anaandika barua? Tunatumiana sauti kwenye simu, mtu anakutukana ukiwa Lubudi kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Lakini nilipiga hesabu ya kichwa changu cha darasa la nne: stempu ilitoka Angola, barua za Angola zilikuja huku kwa gari moshi, gari moshi liliingilia Dilolo. Madini unayafuata kwenye mshipa wake, huchimbi popote. Nikamtafuta rafiki yangu msafirishaji, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, ana lori linalopeleka saruji Dilolo na kurudi na chumvi na samaki wakavu. Kiswahili chake ni cha huko kwao, kimenyooka, kila neno kama limepigwa pasi.

"Unasafiri siku mbili," akaniuliza tulipokuwa tumeshapita kituo cha mwisho cha kulipia barabara, "kutafuta karatasi ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti?"

"Almasi nayo ni ndogo."

"Almasi inauzwa, ndugu yangu."

"Hii haiuzwi, ndiyo maana naitafuta."

"Laa," akasema, "sasa nimeamini una mali. Maskini hawezi kuwa na wazimu wa namna hii."

Tulicheka mpaka akakosa gia. Niseme ukweli, sijawahi kufurahia safari kama ile. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno, daraja moja limeinama, lori linalia kama mbuzi, na mimi moyoni nasikia kile kitu ninachokisikia mchimbaji anapotoa kichwa kwenye shimo na kusema "Patron, kuya uone." Mali hujaiona bado, lakini ipo.

Dilolo nilianzia kwa akina mama wauza samaki, maana wao ndio wanaojua kila mtu. Walinicheka. "Patron muzima anatafuta timbre! Unaandikia nani? Uko na bibi ya pili Luanda?" Nilinunua samaki wa kutosha kuwafunga midomo, na mmoja wao, akinifungia, akasema kuna mzee mmoja karibu na stesheni, alikuwa anapokea mifuko ya barua enzi za treni nyingi, na nyumba yake imejaa mikebe ya maziwa ya unga. Ndani ya mikebe hakuna maziwa.

Tulimkuta mzee yule amekaa mlangoni, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Nilipotamka neno timbre alinitazama kama nimemletea habari za mtoto wake aliyepotea. Alituingiza ndani. Aliteremsha mkebe wa kwanza, akatoa daftari za shule, na kila ukurasa umebandikwa stempu kwa safu, zimenyooka kama wanafunzi gwarideni. Nikanyosha mkono. Akaupiga.

"Hapana kugusa. Mi nimengoja sana mutu aulize. Leo umefika, utaangalia zote."

"Tata, mi natafuta moja tu."

"Utaipata mu zote."

Nikamtazama rafiki yangu. Rafiki yangu akatazama paa. Basi tukakaa. Mimi ambaye siwezi kukaa misa nzima bila kutoka kupokea simu, nilikaa kwenye kiti kisicho na mgongo nikafunuliwa daftari baada ya daftari. Mwanzoni zilikuwa vichwa vya wazungu wenye masharubu, na meli, na ndege wa porini. Halafu akafungua daftari lenye jalada la bluu, na hapo nikasogea mbele.

Mkono mweusi unakata mnyororo. Jembe na bunduki zimepishana. Mama mwenye mtoto mgongoni na bunduki begani, na mtoto amelala kabisa, hana habari. Darasa porini, watu wazima wenye ndevu wameshika chaki, na bunduki zao zimeegemezwa ubaoni kama miavuli. Nyota, jua, mahindi. Nyekundu ile ilikuwa nyekundu kweli, nyeusi ilikuwa nyeusi. Nimeshika malakite yenye miduara kama macho ya chui, lakini zile karatasi zilinipandisha damu kichwani.

"Unaona?" akasema mzee wa reli. Kidole chake kilikuwa juu ya yule mama, hakigusi. "Zamani barua ilikuwa inakuya na bichwa bya bakubwa ba Ureno. Kila siku bile bichwa. Siku moja mi nafungua mufuko, naona huyu mama na bunduki yake. Mi nikaikala chini, juu ya mifuko. Nikasema, kumbe kweli bamepata uhuru."

Rafiki yangu, ambaye alikuwa amesinzia, akaamka na kusema "Subhanallah."

Kurasa mbili mbele nikaiona. Nilipiga kelele, nakiri. Watu watano kwa mstari wanapanda ukingo wa mto, miti nyuma, na wa mwisho ana sanduku kichwani! Rangi ya kahawia, chafu, alama za vidole vya miaka yote ile, lakini ilikuwa yenyewe. Nilimkumbatia rafiki yangu, nikamkumbatia na mzee wa reli, nikasimama nikakaa, nikasimama tena.

"Huyu!" nikamwambia. "Huyu wa mwisho ni tata mukwe! Iko muzima, iko Kolwezi, iko nyumbani kwangu!"

Mzee wa reli alivua miwani akaifuta kwa shati. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa kuvutana bei, na kwenye kuvutana bei mimi sijashindwa na mtu. Hakunipa nafasi hiyo. Alichukua wembe, akakata kipande cha ukurasa kuizunguka stempu, akakifunga kwenye karatasi ya sigara.

"Mwenyewe iko muzima," akasema. "Itakaa ku mikebe yangu juu ya sababu gani?"

Tulilala njiani, kwenye nyumba ya wageni ya Mutshatsha. Asubuhi, jua limeshapanda, rafiki yangu akawa anapiga pampu tairi, mimi nikakaa kwenye ngazi nikaifungua stempu yangu. Nikaitazama. Ilikuwa chafu. Kwenye uso wa yule mtu wa mwisho kulikuwa na doa la kahawia, huoni pua wala mdomo. Nikajiuliza: nimpelekee mke wangu kitu kama hiki? Aseme huyu anaweza kuwa mtu yeyote?

Sasa, nimeeleza jiwe likija na vumbi nafanya nini. Sikufikiri hata. Mikono yangu imefanya kazi hiyo miaka ishirini, haingoji ruhusa. Nilimimina maji kwenye kizibo cha chupa, nikaloweka mswaki, nikaanza kusugua polepole, kwa duara, kama ninavyofanya kwenye jiwe laini ili lisikwaruzike. Doa likatoka. Nikafurahi. Nikasugua kidogo tena ili uso utokee vizuri.

Uso ukatoka. Ukatoka kabisa. Ukaenda na mabega na kifua, ukabaki kama uji wa kahawia kwenye nywele za mswaki.

Rafiki yangu alikuja na pampu mkononi akainama kutazama. Wanne wa mbele walikuwa wazima. Wa tano alikuwa sanduku linaloelea hewani, chini yake weupe, na chini kabisa miguu miwili inakanyaga kingo za mto.

"Inna lillahi," akasema. "Umemkata mkwe wako kichwa."

"Nyamaza."

"Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, kichwa umekiacha Mutshatsha."

"Nimesema unyamaze!"

Nilikaa kimya mpaka tulipoanza kuona marundo ya udongo wa migodi ya kwetu. Sijazoea kukaa kimya, na nadhani ndiyo maana akili yangu ikafanya kazi kwa nguvu. Nikaona kitu. Sanduku lipo! Mto upo, watu watano wapo, wa mwisho ana sanduku. Na kwa kuwa uso haupo, hakuna mtu duniani anayeweza kusema huyo siyo baba mkwe. Kabla ya hapo ungeweza kubishana na pua. Sasa utabishana na nini? Nikampiga rafiki yangu begani nikamwambia kosa langu limeifanya stempu iwe bora zaidi. Akasema wallahi hajawahi kuona mtu anayeanguka chini na kusema amelala. Lakini mimi nilikuwa nimeshapona. Tuliingia Kolwezi nikiimba.

Nyumbani nilimkuta mke wangu uani, na mzee kwenye kigoda chake chini ya ukuta, upande wenye kivuli. Niligeuza kiti changu pembeni kama inavyotakiwa, nikampa mke wangu kile kifurushi. Alikifungua. Akakileta karibu na macho, akakipeleka mbali.

Akapitisha kidole juu yao mmoja mmoja. Wanne, watano. Mto. Sanduku. Alifikiria nini sijui, lakini niliona midomo yake inahesabu, kama mtoto wa darasa la tatu.

"Iko," akasema, sauti ndogo. "Kumbe iko." Halafu: "Lakini uyu hana kichwa!"

Hapo ningeweza kudanganya. Ningesema nimeikuta hivyo. Lakini ndani ya nyumba ile tulikuwa na shida ya uongo tayari, nikaona nisiongeze. "Ni mi," nikasema. "Nilimusugua na brosi ya meno. Nilitaka ang'ae."

Alinitazama. Akatazama stempu. Kicheko kikamshika, kile cha kushika mbavu, mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. "Brosi ya meno! Mutu anasugua tata yangu na brosi ya meno!" Akaenda mbele ya baba yake, akapiga magoti, na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akamwekea stempu kwenye kiganja. Mimi nikasahau desturi nikageuza kiti chote.

Mzee aliisogeza mpaka karibu na pua. Aliitazama muda mrefu. Nilishindwa kuvumilia.

"Tata, si ni weye? Uyu wa mwisho, wa sanduku. Si ni weye?"

Mke wangu naye akasema, na sijawahi kumsikia akizungumza na baba yake kwa sauti ile: "Sema, tata. Mi nakusikia."

Mzee alikuwa na neno moja tu la kusema. Neno fupi, na sote tulikuwa tumemshikia mlango ili alitoe. Akavuta pumzi.

"Haiko sisi," akasema.

"Tata!"

"Haiko sisi. Angalia miguu. Bote beko na biatu." Akageuza stempu ili binti yake aone. "Bote batano. Ata uyu wenye bukwe yangu alikata kichwa, biatu byake biko. Sisi hatukuwa na biatu. Kundi letu hapana ata mutu moja. Awa ni ba kundi lingine, ule mzungu alienda piga picha na kwabo."

Nilisimama. Niseme nilichanganyikiwa, ilikuwa kama mtu anamwaga gunia langu barabarani. "Tata, labda umesahau! Labda bilikuwa bya kuazima, bya picha tu!"

Hakunikasirikia. Alivua kandambili ya kulia akanyosha mguu. Kidole cha mwisho hakipo. Mke wangu anakijua kidole hicho kisichokuwepo tangu ananyonya. Mzee alikuwa anasema kiliozea porini, na mke wangu alikuwa anasema ni msumeno tu wa useremala.

"Bukwe," mzee akaniambia mimi mkwewe, "kama nilikuwaka na kiatu, hii ingepotea?"

Halafu akaanza kucheka. Alianza kidogo, kwa pua, akaendelea mpaka akashika ukuta. "Miaka yote! Mi nagombana na batu, mi nasema niko ku timbre, niko ku timbre, na ni mutu mwengine kabisa! Na ule rafiki yangu, Mungu amuhurumie, hakuangalia ata miguu! Aliona sanduku, akasema ni mi!"

Mke wangu hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, mkono umeshika mguu ule wa baba yake, kidole gumba kimekaa pale penye pengo.

"Juu ya nini haukusema ndiyo?" akauliza. "Mi nilikuwa tayari. Tata, leo mi nilikuwa tayari kabisa kukuamini."

"Uamini nini, mama? Ile ni ya mutu mwengine. Labda naye iko na mutoto fasi fulani."

Upande wa mgodi walilipua baruti, dirisha likatetemeka, kuku wakakimbia, na sisi watatu bado tupo pale pale. Mke wangu akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ile kaburi ya mama yako," akasema, "iko karibu na barabara ao tutatembea?"

Mzee aliacha kucheka. Alimtazama kama hajasikia. "Tutatembea kidogo," akasema. "Kidogo tu. Mi nitapumzika njiani."

"Utapumzika. Mi niko nakushika."

Sikungoja zaidi. Nilikimbia barabarani, mimi mwenye tumbo hili, nikamkuta rafiki yangu hajamaliza hata kuteremsha chumvi. Nikamwambia safari ya Dilolo ya wiki hii nafasi mbili za mbele ni zangu, na asinijibu.

Waliondoka siku ya tatu, asubuhi. Mzee amevaa koti la harusi yake, mke wangu amebeba kapu la chakula cha kulisha kambi nzima, na mimi natoa maagizo kwa kila mtu, hata kwa waliokuwa wanapita. Stempu ya mtu asiye na kichwa nilitaka niiweke kwenye fremu sebuleni. Mke wangu akakataa, akasema itapelekwa ng'ambo, huenda kuna anayemfahamu mwenye viatu vile. Lori liliponguruma nilisikia dirishani anamuuliza baba yake: "Na ule mzungu wa ndevu, alikuwa anawasemesha na luga gani?" na mzee akaanza kueleza kwa mikono miwili. Nilisimama katikati ya barabara napunga kofia na kupiga kelele za furaha, mpaka lori la asidi lililokuwa nyuma yangu likanipigia honi ndefu na dereva akatoa kichwa nje: "Patron, toka mu barabara! Unalilia nani?"